Roboti Haijui Nani Fundi, Nani Injinia

Siku ya kwanza ya uanagenzi wangu hapa Ujerumani nilipewa tupa na kipande cha chuma. Basi. Nimetoka Tanzania na stashahada yangu ya umeme, nimekuja kusomea mekatroniki, fani inayochanganya umakanika, umeme na kompyuta, ili nishike maroboti, halafu mzee wa karakana ananionyesha jiliwa, kile kibanio cha mezani, na kuniambia nisawazishe uso wa kile chuma mpaka akiweka guni, kipimo chenye ukingo ulionyooka, juu yake mwanga usipite. Nilipiga tupa siku nne. Kila nikidhani nimemaliza, mzee anakiinua kuelekea dirishani, anafumba jicho moja, ananirudishia bila neno. Kimoyomoyo nilimtukana.

Nilimwelewa miezi mingi baadaye. Ukifunga mkono wa roboti kwenye bamba lililopinda hata kidogo, kosa linakua kadiri mkono unavyonyooka. Ncha inakosa shabaha, nawe unakesha kwenye programu ukitafuta kosa ambalo halimo. Siku hizi napapasa bamba kwanza, kompyuta baadaye.

Fani hii ya mekatroniki ilianzishwa rasmi huku mwaka 1998, na mafunzo yake ni miaka mitatu na nusu. Siku tatu au nne za wiki uko kiwandani, zinazobaki uko shule, na kiwanda kinakulipa posho. Jumatatu unafundishwa mota, Jumatano unaifungua.

Nyumbani, chuo nilichosoma (sikitaji) kilikuwa na mtambo mmoja wa mafunzo uliofunikwa turubai, na ufunguo wa chumba chake alikaa nao mkuu wa idara. Mtambo ulifunuliwa walipokuja wageni. Sakiti ya kuwasha mota ya fezi tatu niliichora kwenye daftari mpaka nikaijua kwa moyo, mtihani nikafaulu vizuri, na sikuwahi kukaza hata skrubu moja ya sakiti hiyo. Walimu siwalaumu sana. Kitu kikiungua, mwalimu ndiye anayeandika barua ya maelezo, na hajui kingine kitanunuliwa lini. Nani atakupa ufunguo hapo? Huku wenzetu hasara ya mwanafunzi wameipangia fungu kabisa. Nilipounguza kifaa cha kwanza, mzee aliniletea kingine, akauliza swali moja tu: kimeungua kwa nini? Jibu lilinichukua mchana mzima, na sijalisahau.

Ila msinielewe vibaya, si kila cha huku ni dhahabu. Mwaka wa pili tulikuwa na roboti ya kupanga maboksi ambayo ilisimama yenyewe kila baada ya muda, kompyuta ikidai hakuna boksi na boksi tunaliona pale. Wenzangu wakabadilisha kihisi, kile kifaa kinachotambua boksi. Wakabadilisha kadi ya kidhibiti. Wapi! Wamezoea kuwa kipuri kipo stoo, kwa hiyo wanang'oa na kupachika. Mimi nikamkumbuka fundi redio niliyekuwa nikishinda kibandani kwake utotoni, aliyewasha redio kwanza kisha akatikisa waya mmoja mmoja. Nikaiweka roboti kwenye mwendo wa majaribio, ambao hauvuki milimita 250 kwa sekunde, nikaminya nusunusu kitufe cha usalama (ukikiachia inasimama, ukikibana kwa woga inasimama vilevile), nikaukunja mkono taratibu, macho kwenye kitaa (taa ndogo) cha kihisi. Ulipofika pembe fulani, kitaa kikazima. Nikaunyoosha, kikawaka. Waya ulikuwa umekatika ndani ya ganda la kebo. Mkono ukinyooka ncha zinagusana, ukijikunja zinaachana.

Yule fundi redio hakuwa na cheti, na nyumbani hakuna ambaye angemwita injinia. Hapo ndipo tunapokosea kuliko hata kwenye uhaba wa vifaa. Tumemweka mwenye kalamu upande huu na mwenye bisibisi upande ule, wakati roboti inawataka wote wawili ndani ya mtu mmoja: hesabu za pembe, programu, umeme, na mkono unaohisi skrubu ikianza kuteleza. Huku fundi aliyepanda hadi kuwa Meister, yaani fundi bingwa, amewekwa ngazi ya 6 kwenye mfumo wa taifa wa kupanga sifa za masomo na ufundi, ngazi ileile ya shahada ya kwanza. Kwetu VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kumpima fundi aliyejifunzia mtaani na kumpa cheti, na naupenda sana. Lakini mwambie mzazi kwamba mwanawe mwenye alama nzuri anakwenda VETA, uone atakavyonyamaza.

Mdogo wangu kamaliza kidato cha nne, ana vyuo viwili mkononi na ananiuliza achague kipi. Amenitumia picha za majengo, yote yanang'aa. Nimemwambia aende mwenyewe akaulize jambo moja tu: ufunguo wa karakana anakaa nao nani.