Usukani haushikwi kwa bati la soda

Kuna BMX, zile baiskeli ndogo za kuruka, zinazopita Mama Ngina hapa Mombasa jioni ambazo huwezi kuacha kuzitazama. Kromu inang'aa, mito mitatu ya sponji imefungwa kwenye stemu, usukani na fremu, kibao cha namba kiko mbele, utadhani imetoka California ya miaka ya 80 ikashukia hapa. Kisha unainama kidogo kutazama stemu, kile kishikizo cha usukani, inapoingia kwenye foki, uma wa gurudumu la mbele, unakuta ukanda wa kopo la soda umechungulia, umewekwa kujaza pengo. Jamani! Mtu amelipia rangi, amelipia stika, na kitu kinachozuia uso wake usikutane na lami ni bati la soda.

Msimamo wangu ni huu. Sura iwe ya zamani, wala hakuna anayeipenda kunishinda. Lakini kila kinachozunguka, kinachobana na kinachosimamisha baiskeli kiwe kipya na kiwe na kipimo chake halisi. Kitu cha kwanza kununua ni vernia, kifaa cha kupimia vipenyo kwa usahihi. Rangi ndiyo ya mwisho.

Shingo, pale foki inapopita kwenye fremu, ndiyo inayong'oa watu meno, kwa hiyo nakaa hapo. Foki nyingi za BMX za zamani zina bomba la inchi moja lenye nyuzi juu, na tundu lake la ndani linachukua stemu ya milimita 21.1. Stemu za baiskeli za kawaida zinazoshuka Kilindini na mitumba ni za 22.2. Tofauti ni milimita moja na kidogo, na hiyo kidogo ndiyo inayomdanganya fundi. Stemu kubwa akiipiga tupa mpaka iingie, ameupunguza ukuta wake pale pale kabari ya kuibana inapousukuma kutoka ndani, na hapo ndipo itakapopasuka. Stemu ndogo ikikutana na foki ya 22.2, ndipo kopo la soda linapoitwa. Bati lile ni laini na jembamba. Linakunjamana taratibu, huoni chochote wiki mbili, kisha siku unaruka ukingo wa barabara, gurudumu linabaki limenyooka na usukani unageuka peke yake mikononi.

Mwenye fremu ya zamani anayetaka kuihifadhi atafute stemu ya 21.1, aipake grisi, aishushe mpaka alama yake ya kina cha chini kabisa kinachoruhusiwa izame yote ndani ya foki, ndipo akaze bolti ya juu. Gololi za shingo abadilishe zote. Bakuli linalozishika likiwa na vidonda vya kutu, libadilishwe pia, maana gololi mpya kwenye bakuli lenye vidonda huisha upesi. Anayetaka kuruka na kutua kila siku namshauri bila kusitasita: nunua fremu mpya ya kromoli, chuma chepesi chenye nguvu, iliyochorwa kizamani, yenye mabomba yaliyonyooka na shingo inayopokea beringi za kisasa, kisha weka foki isiyo na nyuzi, ile ya milimita 28.6. Foki hiyo haikukusudiwa shingo ya zamani, na ukiona fundi anachukua tindo kuipanua, ichukue fremu yako uondoke. Usukani wenyewe hauna taabu: sehemu inayobanwa na stemu ni milimita 22.2 enzi zote mbili, kwa hiyo ule wa V mrefu wa zamani unakaa kwenye stemu mpya.

Fremu ya zamani kabla hujailipia, igeuze. Pitisha kidole chini ya bomba la chini, karibu na shingo. Ukihisi kivimbe au rangi imekunjamana, iliwahi kugonga kitu. Bomba la kromoli mara nyingi lina ukuta usiofika milimita moja, na mchomeleaji wa mageti akiliwekea umeme wake atalitoboa au atalichoma mpaka likose nguvu.

Kwenye krenki, ile mikono inayoshika pedali, nakubali jambo moja, kwa shingo upande. Krenki ya kipande kimoja ni nzito lakini ni rahisi, na kila fundi wa Majengo anaijua. Nati yake ya kushoto ina nyuzi za kinyume, inafunguka ukiizungusha mwelekeo wa saa. Asiyejua huilazimisha mpaka nyuzi zinakatika. Lakini kuondoa krenki hiyo hakukulazimishi uharibu fremu: tundu la krenki kwenye fremu, lile la milimita 51.3, lina seti zake za beringi zilizofungwa, unazibana na kuweka krenki ya vipande vitatu yenye spindeli, yaani mhimili wa kati, ya milimita 19. Kumbuka pedali nazo zinabadilika, kutoka nyuzi za nusu inchi hadi 9/16. Watu wananunua krenki wakasahau pedali.

Sasa gia, mtego ambao wengi hawauoni. Wanataka sproketi kubwa ya mbele ya meno 44 kwa sababu ndiyo sura ya zamani, kisha nyuma wanaweka habu, kitovu cha gurudumu, ya kisasa yenye gia ya meno 9. Gawanya 44 kwa 9, unapata karibu 4.9, ndiyo mara gurudumu linazozunguka kwa mzunguko mmoja wa pedali. Kutoka kusimama huisukumi, sembuse kupanda kuelekea daraja la Nyali. Habu ya meno 9 ilikusudiwa meno 25 mbele, yaani 2.78. Ukitaka 44, weka habu ya nyuzi yenye friwili, gia ya nyuma inayofungwa kwa nyuzi, ya meno 16, upate 2.75. Ni mwendo ule ule, na sura unayo.

Habu nyingi za kisasa za nyuma zina ekseli ya milimita 14, na fremu ya zamani ina nafasi ya ekseli ya 10. Usipige tupa fremu. Ukizidisha upande mmoja, gurudumu halikai katikati tena. Tafuta habu ya ekseli ya 10.

Tairi: soma namba ubavuni, iandikwe 406, kipenyo cha rimu kwa milimita. Ile ya 451 nayo inauzwa kama inchi 20, na haiingii kwenye rimu ya 406.

Rimu za chuma cha kromu hazishiki breki zikilowa, na kwetu mvua ya masika haikuombi ruhusa. Weka rimu za alumini zenye kuta mbili zilizong'arishwa. Mita mbili mbele hutazitofautisha na kromu, na hewa ya chumvi haizigeuzi nyekundu. Spoku ziwe za chuma kisichoshika kutu.

Chumvi hiyo hiyo ina kazi nyingine ya siri. Bomba la kiti la alumini likikaa kavu ndani ya fremu ya chuma, hapa pwani hugandana mpaka utalikata kwa msumeno. Lipake grisi kabla ya kuliingiza, na kila baada ya miezi miwili lichomoe, lifute, ulipake upya. Siku hiyo hiyo kagua bolti ya stemu.