Masharti kwa Mama, Hiari kwa Jimbo

Wanasiasa wa Marekani wanapenda kusema kwamba misaada ya maskini kwao ina masharti makali. Makali kwa nani? Uchukue TANF, mpango wa posho kwa familia maskini zenye watoto. Fedha hutoka serikali kuu, majimbo ndiyo yanayoziendesha, na ukali wote umemwangukia anayepokea posho. Jimbo linalopokea mamilioni limeachiwa lijipangie.

Rais Bill Clinton alitia saini sheria yake Agosti 1996, ikafuta utaratibu uliokuwapo tangu 1935. Zamani familia zenye shida zikiongezeka, mchango wa serikali kuu nao ulipanda. Siku hizi majimbo yanagawana fungu la dola bilioni 16.5 hivi kwa mwaka, kiwango kile kile cha enzi za Clinton. Jaribu kulipa kodi ya nyumba ya leo kwa mshahara wa 1996.

Mama anayepokea posho ana ukomo wa miezi 60 maishani kwa fedha za serikali kuu, na majimbo mengine yamepunguza zaidi. Afanye kazi au mafunzo kwa saa zilizopangwa, alete na karatasi za kuthibitisha. Asipotimiza, anakatwa.

Jimbo linatakiwa tu lioneshe kwamba matumizi yake yanaingia katika mojawapo ya malengo manne. Mawili kati ya hayo, kupunguza mimba za nje ya ndoa na kuhimiza familia za wazazi wawili, hayadai hata mnufaika awe maskini! Ndiyo maana Oklahoma iliendesha semina za ndoa, na Michigan ikalipia wanafunzi wa vyuo. Halafu orodha ya wanaopokea posho ikipungua, jimbo hulegezewa kiwango cha watu linaotakiwa kuwa nao kazini, bila kuulizwa kama waliotoka walipata ajira au walichoshwa na makaratasi. Mwaka 1996, katika kila familia 100 maskini zenye watoto, 68 zilipata posho. Kufikia 2020 zilikuwa 21 hivi.

Mississippi ilivuka mipaka kabisa. Wakaguzi walibaini zaidi ya dola milioni 77 zilizotumika visivyo, zikiwamo milioni 5 za ukumbi wa voliboli wa chuo kikuu. Sheria inakataza kujenga kwa fedha hizi, basi ukaandikwa mkataba wa pango, eti fedha zinakodi kumbi za chuo kwa shughuli za maskini. Wakati huo mama mwenye watoto wawili alipata, kwa kiwango cha juu kabisa, dola 170 kwa mwezi. Milioni 5 hizo zingelipa posho ya miezi zaidi ya 29,000.

Utaambiwa huo ni wizi, na wezi wameshughulikiwa. Kweli, aliyekuwa mkurugenzi wa idara husika, John Davis, alikiri makosa mwaka 2022. Lakini semina za Oklahoma na ada za Michigan hazikuwa wizi, na hizo ndizo zinazonikera zaidi.

Sipingi majimbo kuwa na uhuru. Ndugu zetu Wakongomani waliopokelewa kama wakimbizi katika jimbo la Kentucky wanahitaji mkalimani na nauli kabla ya kufundishwa kuandika wasifu, na hilo ofisi ya Washington haitaliona mapema. Ninachotaka ni kiwango cha lazima: angalau nusu ya fungu iende kwenye posho, malezi ya watoto na kazi, kwa familia maskini tu, na fungu lipande na bei.

Wizara ya Afya na Huduma za Jamii ya serikali kuu, inayousimamia mpango huu, haiwezi kuyafanya hayo peke yake, kwa kuwa sheria yenyewe inaizuia kuyabana majimbo kupita ilivyoruhusiwa waziwazi. Mwaka 2023 ilipendekeza kanuni za kubana kidogo, baadaye zikaondolewa. Limebaki Bunge, ambalo kwa miaka mingi limekuwa likiurefusha mpango huu kwa vipande vya muda mfupi na kuliacha fungu lilivyo.