Mtoto Haoni, Nasi Tunamwita Mzembe

Miaka kadhaa iliyopita, nikifundisha hisabati darasa la tatu, nilikuwa na mwanafunzi wa kiume aliyekaa dawati la nyuma na ambaye karibu kila swali lake nililiwekea alama ya kosa. Siku moja niliandika ubaoni 38 + 27, naye akaleta jibu la 54. Sikutazama zaidi ya jibu. Makosa ya namna hiyo yalipoendelea ndipo nilipotulia nikasoma swali kama alivyolinakili, nikakuta ameandika 33 + 21, ambayo jumla yake ni 54 kweli. Mtoto alikuwa amejumlisha bila kosa lolote kile ambacho macho yake yalimpa. Kufikia siku hiyo nilikwisha kumwita mzembe mbele ya wenzake, na nilikwisha kumwadhibu kwa kuchungulia daftari la jirani, ilhali kuchungulia huko ndiko kulikokuwa njia yake pekee ya kujua ubaoni pameandikwa nini.

Nilipomwita mama yake, alinishangaa. “Mwalimu, mbona nyumbani anasoma vizuri tu?” Alisema kweli, kwa sababu nyumbani mtoto alisoma kitabu akiwa amekisogeza karibu na pua, na mwenye tatizo la kutoona mbali huyaona vizuri yaliyo karibu.

Tangu hapo nimeamini kwamba kumngoja mtoto aseme haoni ni kumtwika mzigo usio wake. Aliyezaliwa na macho hafifu, au ambaye macho yake yalififia polepole, hana picha nyingine ya kulinganisha. Hudhani kwamba ubao uko hivyo kwa kila mtu. Ishara anazo, lakini hujionyesha kwa mwili: hufinya macho anapotazama mbali, huinamisha kichwa upande mmoja, hupikicha macho mara kwa mara, huruka mistari anaposoma, hulalamika kichwa kumuuma kila baada ya kuandika. Wapo pia wasioona vizuri karibu, ambao huchoshwa na kitabu upesi, wakahangaika na kusumbua wenzao. Hawa ndio tunaowaita watukutu.

Lililo gumu zaidi kutambua ni tatizo la jicho moja, kwa kuwa jicho zima hulibeba lile dhaifu na mtoto hucheza, hukimbia na kusoma bila dalili yoyote. Ubongo ukizoea kulipuuza jicho dhaifu, uwezo wake wa kuona haukui inavyopaswa, na hali hiyo, iitwayo jicho vivu, hutibika vizuri zaidi mtoto akiwa bado mdogo, hasa kabla ya miaka 7 au 8, kwa miwani au kwa kuliziba jicho zima kwa saa kadhaa kila siku ili jicho dhaifu lifanye kazi. Mzazi anaweza kujaribu jambo dogo nyumbani: amzibe mtoto jicho moja kwa kiganja wakati anatazama kitu anachokipenda, kisha jingine. Mtoto anayetulia upande mmoja umezibwa, lakini akalia au kuusukuma mkono upande wa pili ukizibwa, anastahili kupelekwa kwa daktari wa macho. Vivyo hivyo makengeza yanayoendelea baada ya miezi minne ya umri hayafai kuachwa kwa matumaini kwamba yatanyooka yenyewe, wala kusifiwa kuwa ni urembo.

Ishara moja haivumilii hata wiki. Mboni ikionekana nyeupe, au picha ya simu iliyopigwa kwa mwanga wa flashi ikaonyesha mng’ao mweupe ndani ya jicho, huenda ni mtoto wa jicho, na huenda ni retinoblastoma, saratani ya jicho inayowapata zaidi watoto walio chini ya miaka mitano. Ikiwahiwa, maisha huokolewa na mara nyingine jicho pia. Siku zinazopotea kwa kutia jichoni maji ya majani au maziwa ya mama ni siku ambazo ugonjwa unaenea, na dawa hizo zenyewe zinaweza kulijeruhi jicho.

Najua wazazi wengi huogopa kwamba miwani itaharibu macho ya mtoto, na kwa binti huongezwa hofu ya kuchekwa. Miwani iliyopimwa vizuri haiharibu macho, na kicheko cha darasani mwalimu anaweza kukizima kwa siku moja akiamua.

Kwa maoni yangu, kila shule ya msingi ingewapima wanafunzi macho kila Januari, kabla mwalimu hajaanza kupanga nani mzito na nani mwepesi. Kazi hii haihitaji daktari. Katika kaunti ya Trans Nzoia nchini Kenya, walimu 25 wakitumia programu ya simu ya kupimia macho waliwapima watoto wapatao 21,000 kwa muda wa wiki mbili hivi. Pasipo simu, chati ya herufi E inatosha, maana hata asiyejua kusoma huonyesha kwa mkono herufi imeelekea wapi.

Darasani kwangu nimekwisha kupima mita sita kutoka ukuta utakaobandikwa chati kuelekea mlangoni, na mahali mtoto atakaposimama nimepaka mstari wa rangi.