Burns aliwapenda zaidi walio mbali

Februari 1792 Robert Burns, mshairi wa Uskoti, alimtumia muuzaji vitabu mmoja wa Edinburgh fedha za kumaliza deni la siku nyingi: pauni 5 na shilingi 10, gharama ya jiwe la kaburi. Kaburi lenyewe halikuwa la ndugu yake. Lilikuwa la Robert Fergusson, mshairi aliyefia katika nyumba ya wendawazimu mwaka 1774 akiwa na miaka 24, wakati Burns mwenyewe ni kijana wa miaka 15 anayelima na baba yake huko Ayrshire. Hawakuwahi kuonana. Lakini Burns alipofika mjini na kukuta kaburi halina hata alama, aliwaandikia wasimamizi wa kanisa la Canongate kuwaomba aweke jiwe. Fundi alichukua miaka 2 kulisimamisha, Burns naye akachukua miaka 2 kulipa. Kwa hiyo, akaandika kwa utani, hatudaiani.

Nakipenda kisa hiki, na ndicho kinachonifanya nimkasirikie. Mwenye moyo wa namna hii kwa marehemu asiyemjua, nyumbani kwake alikuwaje?

Jean Armour, binti wa mwashi wa Mauchline, alikuwa na mimba yake mwaka 1786. Wakaandikiana karatasi ya kukubali kuwa mume na mke, lakini baba mtu hakutaka mkwe fukara, na majina yao yakakatwa kwenye ile karatasi. Septemba wakazaliwa pacha. Ndoa ikaja kutulia 1788, miezi michache tu baada ya Burns kumaliza majira ya baridi yote akiandikiana barua za mahaba na Agnes McLehose wa Edinburgh, mwanamke aliyetengana na mumewe. Burns alikuwa ameumia goti, hatoki nje, basi mapenzi yakaendeshwa kwa kalamu: yeye akijiita Sylvander, mwenzake Clarinda. Mwisho wa Machi 1791, Ann Park, mhudumu wa baa moja ya Dumfries, akazaa binti wa Burns. Siku chache baadaye Jean naye akajifungua mtoto wa kiume. Akamchukua yule binti, akamlea pamoja na wanawe.

Mashabiki wa Burns hupenda kusema Jean alikuwa mvumilivu. Mimi neno hilo silipendi. Naona linamsafisha mume kuliko linavyomsifu mke.

Sasa mtazame akiwa na Bi Frances Dunlop. Huyu alikuwa mjane wa ukoo mkubwa, karibu miaka 30 mbele yake kwa umri, aliyekuwa ameelemewa na huzuni mpaka aliposoma shairi la Burns kuhusu jioni ya mkulima na familia yake. Akamtuma mtu hadi shambani Mossgiel kuagiza nakala 6 za kitabu. Burns alikuwa amebakiwa na 5 tu, akazituma zote. Kuanzia hapo, mwaka 1786, waliandikiana kwa miaka 8 na zaidi. Alimweleza mashairi yake, madeni yake, maradhi yake. Bibi naye alimkosoa kama mama: punguza maneno machafu, punguza ulevi. Ule wimbo wa "Auld Lang Syne" ambao dunia nzima huuimba mwaka mpya, Burns aliutia ndani ya barua kwa mama huyu, Desemba 1788.

Halafu akaharibu mwenyewe. Januari 1795 alimwandikia kwamba mfalme na malkia wa Ufaransa waliokatwa vichwa hawastahili kuliliwa, akawaita kwa majina ambayo mtu hayaandiki kwa bibi mwenye adabu zake. Tena bibi huyu alikuwa na wana wanajeshi, na mabinti wawili walioolewa na Wafaransa wa upande wa mfalme. Akanyamaza. Kila barua ya Burns ikawa haina jibu. Wengine humlaumu kwa kiburi cha kitajiri, mimi simlaumu. Burns alikuwa amezoea kumwandikia mtu aliyemo kichwani mwake, akamsahau mwanamke wa kweli anayefungua bahasha.

Julai 1796 yuko Brow, pwani ya Solway, kakonda, waganga wamemwambia aingie kwenye maji baridi ya bahari. Tarehe 10 alimwandikia Bi Dunlop kumuaga, akikumbuka furaha aliyokuwa akiipata kila alipovunja lakiri ya barua yake. Ni barua nzuri mno, kama zote alizowaandikia walio mbali.

Lakini barua inayonishinda ni ya tarehe 18, fupi, haina mapambo hata kidogo. Inakwenda kwa James Armour, mkwe yuleyule aliyemkataa miaka 10 nyuma. Anamsihi kwa jina la Mungu amlete mama yake Jean haraka, kwa sababu mkewe anatarajia kujifungua saa yoyote, na maskini hana rafiki hata mmoja karibu naye.

Siku 3 baadaye akafa. Tarehe 25, jeneza likipelekwa kaburini na wanajeshi wakipiga risasi za heshima, Jean alikuwa nyumbani na uchungu wa mtoto wa kiume.