Ami Yangu na Sahihi ya Babu

Kumtafuta babu wa ami yangu katika daftari za zamani za Unguja si kazi nyepesi, hasa ikiwa yeye alipewa jina la siku ya wiki na baba yake jina la siku iliyotangulia, kama ilivyokuwa kwa wanaume wengi mno wa enzi hizo. Ndiyo maana ami yangu alishikilia kwamba jina si hoja. Hoja ni sahihi. Tulikuwa na hati ya shamba la mikarafuu ya mwaka 1340 Hijria, yaani 1921 au 1922, na chini yake jina la babu liliandikwa kwa herufi za Kiarabu zenye mkunjo wa aina yake. Ami aliuonyesha mkunjo huo kwa kila mgeni aliyeketi barazani, akisema kuwa mkono kama ule hauwezi kuwa wa mtu asiyesoma.

Basi alipofika bwana mmoja kutoka Maskati na nakala ya hati nyingine, yenye jina lile lile na mkunjo ule ule, ami hakungoja ushahidi zaidi. Alimkumbatia, akamwita binamu, akachinja beberu. Baada ya biriani ndipo tulipokwenda sote watatu kwenye chumba cha nyaraka ili jambo lithibitishwe, ingawa kwa maoni yangu mambo ya namna hiyo huthibitishwa beberu akiwa bado hai.

Mama aliyetunza nyaraka alizitazama hati zetu, kisha akatufungulia daftari la miaka ile, ukurasa baada ya ukurasa. Mkunjo ulikuwa kila mahali: muuza shamba alikuwa nao, shahidi wake alikuwa nao, na hata mjane aliyerithi minazi alikuwa nao.

"Wazee wangu," alisema kwa upole, "huu ni mkono wa karani. Asiyejua kuandika aliandikiwa jina lake, naye akaweka dole gumba pembeni. Hilo doa mlilodhani ni wino uliomwagika ndilo babu yenu."

Akatueleza kuwa mistari ya dole haibadiliki tangu utoto hadi uzee, kwamba hata pacha hawalingani, na kwamba mwanasayansi wa Kiingereza Francis Galton aliigawa katika matao, vitanzi na maduara katika kitabu chake cha mwaka 1892. Ami hakusikia zaidi ya neno dole. Katika chumba ambamo hata kalamu ya wino ilipigwa marufuku na watu wote waliandika kwa penseli, alichomoa mfukoni kidau cha mhuri alichokuja nacho kutoka dukani kwake, akachovya, akatangaza kuwa atalinganisha dole lake na la babu papo hapo. Yule mama alilifunika daftari kwa mwili wake kama kuku akingaye vifaranga, huku akieleza kuwa dole la mjukuu halithibitishi lolote juu ya babu. Dole la ami, likiwa limekwisha kulowa, lilitua kwenye bega la kanzu nyeupe ya mgeni.

Kurasa chache mbele tulikuta hati ya bei ya khiari, ile ambayo mtu huuza shamba lakini hubaki na haki ya kulirudisha akirejesha fedha, na ambayo kwa kweli ilikuwa njia ya kukopa bila kuitaja riba. Muuzaji na mnunuzi walikuwa na jina moja. Madole yao yalikaa ubavu kwa ubavu: la muuzaji ni kitanzi, kama lililo kwenye hati yetu; la mnunuzi ni duara, kama lililo kwenye hati ya mgeni.

"Kumbe walikuwa wawili," alisema ami, na nilijua anamwaza beberu.

Mgeni alivaa miwani, akasoma taratibu hadi mstari wa mwisho. "Babu yako alichukua fedha kwa babu yangu," alisema, "na hapa sioni palipoandikwa kuwa zilirudishwa."

Ami aliinamia tena ukurasa ule kwa muda mrefu kuliko alivyoutazama mwanzo.

"Huyu ni mtu mmoja," akaamua. "Hapa aliweka dole la kulia, na hapa la kushoto. Nani amewahi kujidai mwenyewe?"

Kisha akamshika mgeni mkono, akamwita binamu kwa sauti iliyowageuza wasomaji wote, akamwuliza kama usiku ule angependelea pweza wa nazi au wa kukaanga.