Mzee na Gemu za Majoka: Umri Sio Tatizo, Saa Ndio Tatizo

Kwenye grupu letu la ukoo kumezuka maneno. Binti mmoja katuma voisi ndefu akilalamika kuhusu babake, mtu kashapita sitini, kastaafu, ana wajukuu, lakini usiku kucha yuko kwenye kompyuta "anauwa majoka na Wazungu asiowajua", akamalizia kwamba mzee akianza gemu ujue amerudi utotoni. Wajomba nao wakamjibu motomoto, ati afadhali gemu kuliko miraa, afadhali gemu kuliko kubeti, mwacheni mzee wa watu apumue. Mie nacheza gemu hizo hizo na umri wangu hauko mbali na wa huyo mzee, kwa hivyo msinitarajie niwe hakimu, lakini naona binti na wajomba wote hawajagusa penyewe.

Hili la utoto ni jepesi, tulimalize. Gemu hizi za kuvaa uhusika wa mpiganaji ama mchawi na kuingia ulimwengu mmoja na maelfu ya watu si vitu vya watoto wa jana. Dungeons & Dragons, ile ya mezani ya karatasi na dadu, ilitoka 1974. Ile gemu ya kompyuta iitwayo MUD ilianza kuandikwa 1978 Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, na Roy Trubshaw na Richard Bartle, haina picha hata moja, maandishi matupu, na huyo Bartle saa hizi ni mtu wa sitini na kitu. Halafu zikaja za mtandaoni zenye picha, Ultima Online 1997, EverQuest 1999, RuneScape 2001, World of Warcraft 2004. Aliyeingia Ultima akiwa na miaka ishirini na tano leo kashavuka hamsini, sasa huyo kijana anayekushangaa ndiye mgeni humo, si wewe. Na sisi watu wa pwani tuna nini cha kushangaa na mambo ya ajabu, si tumelelewa na hadithi za majini na Fumo Liyongo ambaye silaha hazikumdhuru mpaka alipochomwa shaba ya kitovuni, na hakuna aliyemwambia bibi yake amerudi utotoni kwa kusimulia.

Kilichotuchelewesha Mombasa ni mtandao tu. Nyaya za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilifika hapa 2009, kabla ya hapo ilikuwa ni setilaiti, saiba unalipa kwa dakika, barua pepe moja inafunguka ushamaliza chai na kaimati. Nani angepigana na joka kwa hali hiyo? Ndio maana wengi wa rika langu tumezijua gemu hizi tukiwa na mvi tayari.

Sasa raha yenyewe iko wapi, manake hapo ndipo watu hawaelewi. Mie niko Old School RuneScape, ambayo ni ile RuneScape ya 2007 iliyorudishwa 2013 baada ya wachezaji wenyewe kupiga kura, na tangu 2018 inachezeka kwa simu kwa akaunti ile ile ya kompyuta. Humo ndani unatoka bandari ya Port Sarim kwa meli, unalipa sarafu 30, unashuka kisiwa cha Karamja, unatembea hadi gatini, unatega dema na kungoja kamba mawe. Mfuko una nafasi 28, ukijaa unakwenda kuwachoma, wengine wanaungua kwa sababu mapishi yako bado ya kiwango cha chini, basi unarudi tena gatini. Mjukuu akinichungulia huniuliza, babu mbona hupigani? Na mamake Athumani ndani ya nyumba huuliza mbona nisiende nikavue wa kweli angalau tule. Wallahi sina jibu la kumridhisha yeyote kati yao. Ni utulivu, mkono una kazi ndogo, akili iko huru, pembeni kuna mtu wa Poland na mwengine wa Brazili nao wanavua, mmoja anataja mvua ya kwao, unajibu, saa inakwenda.

Tena gemu yenyewe imeundwa polepole. Kila kitu kinapiga hatua kila sekunde 0.6, ukibonyeza mapema ama ukichelewa kidogo yote yanasubiri hatua inayofuata, kwa hivyo vidole vya mzee na mtandao wa kisiwani havikuadhibu sana kama kwenye gemu za kufyatuliana risasi ambazo mtoto wa miaka kumi na tano anakumaliza kabla hujatafuta miwani. Na ngazi zake ni za mtu mwenye subira: ustadi mmoja unapanda hadi 99, pointi 13,034,431, lakini ukifika ngazi ya 92 ndio kwanza uko nusu ya njia. Kijana akisikia hivyo anafunga simu, mstaafu anasema sawa, leo ni Jumanne.

Kuna raha nyengine ambayo sijasikia mtu akiisema wazi, nayo ni kutoamkiwa. Hapa mtaani mtu wa umri wangu ni shikamoo asubuhi shikamoo jioni, kila baraza unapewa nafasi, kila utani unapunguzwa makali ukitokea. Kule ndani hakuna ajuaye mvi zako, kijana asiyejua hata Mombasa iko bahari gani anakwambia sogea umesimama kwenye moto utatuuwa wote, na unasogea, na unasema asante. Ni kitu kitamu sana kuwa mwanafunzi tena, kuamrishwa na anayejua zaidi. Hilo binti anaita utoto, mie naliita mapumziko ya kuwa mzee.

Na urafiki wa humo si wa bandia kama watu wanavyodhani. Mats Steen, kijana wa Norway aliyekuwa na ugonjwa wa misuli, alifariki 2014 akiwa na miaka 25, wazazi wake wakiamini mtoto wao ameishi mpweke mbele ya kompyuta, walipotangaza kifo chake zikamiminika barua pepe za watu wa World of Warcraft waliokuwa wakimjua miaka na miaka, na baadhi yao wakafika mazikoni. Hakuwa mzee, lakini shida yake, ya mwili usiomtoa nyumbani, ni shida ambayo wazee wengi wataifikia.

Ila kuna hoja moja ya upande wetu siitumii, hii ya kwamba gemu inanoa ubongo. Watu hutaja utafiti uliotoka jarida la Nature 2013, wa watu wa miaka 60 hadi 85 waliocheza gemu ya gari na uwezo wao wa kufanya mambo mawili kwa pamoja ukapanda. Ni kweli, lakini ile ilikuwa gemu iliyotengenezwa makusudi kwa ajili ya utafiti, hakuna joka, hakuna Karamja, kwa hivyo mzee asimdanganye mkewe kwamba anavua kamba kwa maagizo ya daktari. Anafurahi, yatosha.

Haya, upande wa pili sasa, na huku ndiko voisi ya binti ilipokuwa na uzito ambao yeye mwenyewe hakuuona.

Gemu hizi zinadai kitu kimoja kwa wingi, wakati, na mzee ndiye mwenye nao. Mtumishi wa serikali anastaafu akiwa na 60, hapa kwetu tena wako waliokaa chini kabla ya hapo, tangu reli mpya ya SGR ianze 2017 na makontena yakawa yapakiwa yapelekwa bara, wangapi wa kazi za kutoa mizigo bandarini walirudi nyumbani na mikono mitupu? Mtu ana asubuhi nzima, ana alasiri nzima, ana usiku. Halafu anakutana na kitu kilichotengenezwa na watu hodari sana ili kisiishe. Ikiisha ngazi kunaletwa nyengine, ikiisha safari kunaletwa bara jipya. EverQuest wachezaji wake wenyewe waliibandika jina la dawa ya kulevya tangu zamani zile, na si kwa utani mtupu. Kwa hivyo mzee ndiye mchezaji anayeifaa gemu kuliko wote na kwa sababu hiyo hiyo ndiye rahisi kunaswa, haya mawili hayatengani na ndio nasema umri hautuambii kitu, tuangalie gemu gani na saa ngapi.

Chukua dhumna hapa barazani. Mtu anaweza kucheza mchana kutwa vile vile, na wako, lakini adhana ikilia kete zinaachwa juu ya meza, mtu akiitwa nyumbani anainuka, mwengine anakaa, mchezo hauna kinyongo. Gemu ya onlaini haina pozi, yaani huwezi kuisimamisha ukairudia. Ulimwengu unaendelea ukiwepo usiwepo, na kwenye redi, yaani lile shambulizi la kundi, ukiinuka wenzako wanakufa. World of Warcraft ilipoanza redi kubwa zilitaka watu 40, toka 2007 zikashushwa hadi 25, lakini hata wawe kumi, wewe ndiye unayetibu wenzako na mkeo anaita, gesi imeisha chakula kiko katikati, utasema nini? Unasema ngoja kidogo. Ngoja kidogo ya redi ni dakika ishirini, na mama wa watu anajua, ndio maana hachoki kuichukia hiyo kompyuta. Mume aliye barazani hayupo, inaeleweka, unamtuma mtoto akamwite. Mume aliye sebuleni na hedifoni yupo na hayupo, na mimi naona hilo la pili ni gumu zaidi kuishi nalo, wanawake mtanirekebisha. (Na kwa nini hatuulizi nyanya yupi anacheza? Kwa sababu hiyo alasiri ndefu ya kustaafu wanapewa wanaume, yeye bado yuko jikoni.)

Halafu saa. Kundi la Waingereza linaanza redi saa mbili usiku ya kwao, ambayo hapa ni saa nne usiku majira yao ya joto na saa tano wakiwa kwenye baridi. Ongeza saa tatu, unalala saa saba ama saa nane, adhana ya alfajiri iko karibu saa kumi na moja. Kijana ataiba usingizi mchana kazini, mzee mwenye presha hapati. Hapa binti ana haki kabisa, ila kesi aliyoifungua siyo.

Watu wakifika hapa hurukia neno ugonjwa. Shirika la Afya Duniani kweli limeuweka uraibu wa gemu kwenye orodha yake ya magonjwa, toleo lililoanza kutumika 2022, lakini ukisoma hawataji saa, wanataja mtu kushindwa kujizuia, gemu kutangulia mambo mengine yote ya maisha, na kuendelea japo madhara yanaonekana, kwa kawaida muda usiopungua miezi 12. Mzee anayecheza saa sita na anaswali, anakula na wenzake, anakwenda kliniki, hayumo. Anayecheza saa mbili na kwa ajili yake anaficha kwamba hajameza dawa, huyo mwangalieni.

Pesa nayo, na hapa nawageukia wajomba na ile "afadhali kuliko kubeti". Inategemea. RuneScape ina sehemu ya bure, hao kamba wangu hawajanitoa hata ndururu zaidi ya bando. Guild Wars 2, ya 2012, haina ada ya mwezi. World of Warcraft ni dola 14.99 kwa mwezi, karibu shilingi elfu mbili, kwa pensheni ya kawaida si mchezo lakini unajua inakokwenda. Balaa ni zile za kubahatisha, kama Genshin Impact ya 2020, unalipa ili uvute bahati, huenda ukapata mpiganaji unayemtaka huenda usipate, na yale masanduku ya bahati ya kwenye gemu, unayoyalipia bila kujua ndani mna nini, Ubelgiji mwaka 2018 iliyahesabu kuwa kamari. Sasa mjomba, hapo umemtoa mzee kwenye kubeti umempeleka wapi?

Matapeli sitawazungumzia sana, mtu aliyekulia Mombasa anaijua pata potea, na yule wa sokoni ndani ya gemu anayepiga kelele nipe dhahabu yako nikurudishie mara mbili ni huyo huyo. La kutisha ni viungo vya kuiba pasiwedi, maana mzee hutumia pasiwedi moja kwa kila kitu. Na kuna jambo la aibu kidogo kulisema, humo ndani watoto ni wengi, mtu mzima anapiga soga usiku na asiyemjua umri, afunge mdomo kwenye mambo ya binafsi, na akigundua anaongea na mtoto wa miaka kumi na mbili arudi kwenye uvuvi.

Dini nimeiacha mwisho si kwa dharau. Wako masheikh wasiopenda habari za wachawi na miungu ya kubuni, na kwa kweli RuneScape ina ustadi mzima wa maombi ambao unaupandisha kwa kufukia mifupa ya uliowauwa, huo mimi nimeukalia mbali, sikuona raha. Wengine hawaoni neno, wanasema ni hadithi. Kila mtu na nafsi yake.

Kwa hivyo babake binti asiache gemu, abadilishe saa. Saa za Saudia ni sawa na zetu, kundi la watu wa Jeddah ama Riyadh litaanza baada ya Isha na Ramadhani halitamshangaa akichelewa kwa sababu ya tarawehe. Akikosa kundi kama hilo basi aache redi abaki na yale ya kucheza peke yake siku za katikati ya wiki. Ila hata kwa Waarabu hao bado hakuna pozi, gesi ikiisha katikati ya redi mtu wa kuinuka kubeba mtungi ni yeye, na wenzake wafe.