Pomboo si Fulusi

Mwezi uliopita, katika mgahawa mmoja wa Mtwara mjini, nilikuta ubao umeandikwa kwa chaki kwamba mlo wa siku ile ni wali wa nazi kwa pomboo wa kukaanga. Nilishtuka. Nilimwomba mama mpishi anionyeshe huyo pomboo, naye akanipeleka jikoni, ambako nilimkuta fulusi dume, paji la uso limesimama wima na pezi la mgongo limeanzia kichwani hadi karibu na mkia. Kijana aliyeandika ubao alikuwa ameona neno “dolphin” katika orodha ya vyakula ya Kiingereza, akalitafuta kwenye simu, na simu ikamjibu pomboo.

Kijana yule simlaumu, kwa kuwa ni Kiingereza kilicholitwika neno moja viumbe wawili wasio na undugu. Pomboo ni mamalia: huzaa, hunyonyesha, na hana budi kuibuka ili avute hewa kwa tundu lililo juu ya kichwa chake. Fulusi ni samaki kamili, hutaga mayai, na rangi zake za dhahabu, kijani na buluu hufifia muda mfupi baada ya kutolewa majini. Wauza samaki wa Marekani, kwa kuhofia wateja wadhani wanalishwa pomboo, wamezoea kutumia jina la Kihawaii, mahi-mahi. Sisi watu wa pwani hatuna haja ya kuazima, kwa sababu majina mawili tunayo tangu zamani. Na ingawa fulusi ni pia jina la fedha, sijapata kumwona mtu akikanganyikiwa sokoni kwa ajili hiyo.

Asili ya neno “dolphin” lenyewe inampendelea pomboo. Limetokana na Kigiriki, “delphis”, lenye udugu na neno la lugha hiyo lenye maana ya tumbo la uzazi, nalo likafika Ufaransa, ambako mrithi wa kiti cha mfalme aliitwa Dauphin tangu karne ya 14, baada ya mfalme kulipata jimbo ambalo watawala wake walikuwa na pomboo katika nembo yao. Limepewa kundi la nyota, Delphinus, na timu ya futiboli ya Kimarekani, Miami Dolphins, iliyomaliza msimu wa 1972 bila kupoteza mchezo hata mmoja. Huko kote picha ya mnyama bado inaonekana.

Haionekani bandarini. Katika kazi za gati, “dolphin” ni nguzo, au fungu la nguzo, zilizosimikwa chini ya maji mbali kidogo na gati ili meli ifungiwe kamba au gati lilindwe lisigongwe. Niliwahi kusoma tafsiri iliyosema kwamba meli ifungwe kwenye pomboo, na ninaamini kwamba nguzo ya kufungia meli ingemtosha kila baharia.

Hata hivyo, kosa la jikoni ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu mkoa wetu una Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, na ubao unaomtangaza pomboo kuwa kitoweo unamzoesha mtoto kumwona mnyama huyo kama mboga. Mzee mmoja mvuvi wa Msimbati aliwahi kuniambia, “Mwanangu, yule akinaswa na wavu chini hafi kama samaki, hufa kwa kukosa pumzi, kama ambavyo ungekufa wewe.” Mwenye kujua hilo hawezi kuyachanganya majina haya mawili, na ndiyo maana ningependa kamusi za simu zisahihishwe na watu waliokulia ufukweni.

Mama mpishi, aliyemjua fulusi tangu utotoni kwao Mikindani, aliufuta ubao kwa kiganja, akachukua chaki na kuliandika jina la samaki wake mwenyewe.